Barua ya wazi kwa wakuu wa maduka makubwa yanayouza bunduki Marekani

Kwenu Wakurugenzi Wakuu na Wajumbe wa Bodi za makampuni yenye maduka makubwa yanayouza bunduki na risasi nchini Marekani.

YAH: MAMLAKA YA MFANYAKAZI WA KAUNTA KUKATAA KUUZA SILAHA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, Tanzania, na kwa miaka kumi na minne sasa ni mkazi wa Texas, ambako ninafanya kazi katika duka kubwa la mojawapo ya makampuni ninayoyaandikia. Sitalitaja kampuni hilo, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayahusu duka moja wala meneja mmoja. Kwa miaka sita nilisimama kwenye kaunta ya vifaa vya michezo, pale ambapo ndoano za kuvulia samaki, mipira ya kikapu na mahema huuzwa hatua tano kutoka kabati la kioo lililopangwa bunduki. Mwaka wa sita niliomba kuhamishwa, na sasa ninapanga maziwa na mayai. Sababu ya kuomba uhamisho ndiyo iliyonifanya niandike.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika chumba chetu cha mapumziko, zamu ya usiku, lugha hii ndiyo inayosikika zaidi baada ya Kiingereza na Kihispania, kwa sababu tupo Watanzania na Wakenya, na wapo Wakongo na Warundi waliofika huku kama wakimbizi baada ya kuishi miaka mingi katika kambi za Nyarugusu, Kakuma na kwingineko. Mkihitaji mtu wa kuwafasiria barua hii hamtamkosa. Ulizeni katika ghala lolote lenu baada ya saa nne usiku.

Wengi wenu mmeshika nafasi zenu baada ya maamuzi ninayoyazungumzia kupita, kwa hiyo nianze nyuma kidogo. Zamani katika nchi hii bunduki iliagizwa kwa posta kama jozi ya viatu. Ile iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa kwa kuponi kutoka duka la vifaa vya michezo la Chicago, kwa dola 21 na senti 45 pamoja na gharama ya posta, na aliyeiuza hakuwahi kuuona uso wa aliyeinunua. Ilipofika mwaka 1968 Bunge likapitisha sheria iliyoifunga biashara hiyo ya posta baina ya majimbo, ikamtaka mfanyabiashara wa silaha awe na leseni, na ikaweka umri wa miaka 18 kwa bunduki ndefu na miaka 21 kwa bastola zinazouzwa na wenye leseni. Mimi huielewa sheria ile kwa namna rahisi: ilimtaka mnunuzi asimame mbele ya mtu. Tangu hapo, kabla bunduki mpya haijatoka dukani, kuna binadamu mmoja anayemtazama mwenzake usoni. Binadamu huyo, katika maduka yenu, ni sisi tunaolipwa kwa saa.

Sasa tazameni ninyi mmekuwa mkiamua nini katika miaka yote hiyo. Walmart, ambayo ndiyo kubwa kuliko ninyi wote, iliacha kuuza bastola mwaka 1993 katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Mwaka 2006 iliondoa bunduki katika theluthi moja hivi ya maduka yake kwa maelezo kwamba haziendi, na mwaka 2011 ikazirudisha katika mamia ya maduka kwa sababu za mauzo vilevile. Mwaka 2015 iliacha kuuza bunduki za mtindo wa kivita za aina ya AR-15, na hapo pia ikasema wateja wamepungua. Kmart kwa upande wao waliacha kuuza risasi za bastola mwaka 2001, miaka miwili baada ya mauaji ya shule ya Columbine, vijana walionusurika walipokwenda makao makuu ya kampuni hiyo wakiwa na risasi miilini mwao.

Kisha ukaja mwaka 2018. Februari 14 watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari huko Parkland, Florida. Wiki mbili baadaye Dick's Sporting Goods, waliogundua kuwa muuaji aliwahi kununua kwao bunduki ya marisau (siyo iliyotumika shuleni), walitangaza kuacha kabisa kuuza bunduki za mtindo wa kivita na kutomuuzia silaha yoyote mtu aliye chini ya miaka 21. Siku hiyohiyo Walmart nao wakapandisha umri hadi 21. Haukupita muda wakafuata Kroger kwa maduka yao ya Fred Meyer, na L.L.Bean. Dick's hawakurudisha kiwandani bunduki zilizobaki, bali waliziharibu zikawa vyuma chakavu, mali ya dola milioni 5 hivi, na mkuu wao Ed Stack alisema baadaye kwamba uamuzi ule uliwagharimu takriban robo bilioni ya dola. Ninaheshimu jambo hilo. Si kila siku mtu huchoma ghala lake mwenyewe kwa ajili ya dhamiri.

Mwaka uliofuata yakatufika nyumbani. Julai 30, 2019, katika duka la Walmart la Southaven, Mississippi, mfanyakazi aliyekuwa amesimamishwa kazi aliwapiga risasi wenzake wawili wakafa. Siku nne baadaye, Jumamosi asubuhi, wakati familia zikinunua madaftari ya muhula mpya, mtu mmoja aliingia katika Walmart ya El Paso, hapahapa Texas ingawa kutoka kwangu ni safari ya siku nzima kwa gari, na idadi ya waliokufa, pamoja na aliyefariki hospitalini mwaka uliofuata, ikafikia 23. Septemba 3 mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Doug McMillon, aliwaandikia wafanyakazi kwamba mambo hayawezi kuachwa kama yalivyo. Kampuni ikaacha kuuza risasi za bastola na zile zinazotumika katika bunduki za mtindo wa kivita, ikafunga mauzo ya bastola Alaska, na ikawaomba wateja wasiingie madukani wakiwa wamebeba silaha hadharani. Wao wenyewe walikadiria kuwa sehemu yao ya soko la risasi ingeshuka kutoka asilimia 20 hivi hadi kati ya 6 na 9. Halafu Oktoba 29, 2020, kwa hofu ya ghasia, bunduki na risasi zote zikaondolewa mbele ya macho ya wateja na kufungiwa stoo, na kesho yake zikarudishwa.

Nimeyapanga haya si kwa kuwalaumu, maana mengine nayaunga mkono kwa moyo wote. Nimeyapanga ili muone kinachokosekana. Kila mara mliamua kitu gani kiwe kwenye rafu na kisiwepo kitu gani, kisha mkaamua umri. Hakuna tangazo hata moja kati ya hayo lililomhusu yule mtu ambaye sheria ya mwaka 1968 ilimweka mbele ya mnunuzi. Mmehamisha kabati mara nyingi, lakini aliyeshika ufunguo mmemwacha palepale alipokuwa.

Niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu sidhani kama wengi wenu mmewahi kuifanya. Mteja anachagua bunduki. Anajaza fomu ya serikali namba 4473, ambayo inamuuliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi au anamnunulia mwingine, kama ana hukumu ya kosa kubwa, kama mahakama imewahi kuamuru alazwe kwa ugonjwa wa akili, na mengine ya namna hiyo. Mfanyakazi anakagua kitambulisho, anaingiza taarifa katika mfumo wa FBI ulioanza mwaka 1998 kutokana na sheria ya Brady, iliyotaka rekodi za mnunuzi wa silaha zikaguliwe kwanza, na jibu linarudi kwa neno moja kati ya matatu: endelea, subiri, au kataa. Mara nyingi hata dakika tano haziishi. Kisha dukani kwetu msimamizi hulibeba boksi mwenyewe hadi mlangoni, akamkabidhi mteja nje ya mlango, na wote wawili wakatakiana siku njema.

Jioni moja ya mwezi Novemba, msimu wa kuwinda kulungu ukiwa umeshika kasi, alikuja mwanamume wa makamo aliyevaa shati la kazi. Katika toroli lake mlikuwa na mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa, basi. Aliomba bunduki ya marisau ya bei ya chini kabisa. Wawindaji, kama mjuavyo, ni watu wa maneno. Ataishika, ataipima uzito, ataiweka begani, atabishana nawe kuhusu mtutu na atakuhadithia bunduki ya babu yake mpaka foleni ikasirike. Huyu hakuigusa. Nilipoiweka juu ya kaunta aliiangalia kama mtu anayeangalia bili ya umeme. Akauliza boksi dogo kabisa la risasi lina ngapi. Nikamwambia la marisau makubwa lina 5. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama naweza kulifungua nikamuuzia moja.

Nilimwambia hatufungui maboksi. Akasema sawa, nipe hilo la 5. Fomu aliijaza vizuri, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mfumo ukajibu "endelea" kabla sijamaliza kupanga karatasi. Nikaenda kumtafuta msimamizi wa zamu, binti wa miaka ishirini na sita ambaye si mtu mbaya hata kidogo, nikamnong'oneza kwamba simuoni mtu huyu vizuri. Akaniuliza amefanya nini. Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amefanya kitu. Akasema, "Amepita. Unataka nimwambie nini?" Kisha akachukua boksi, akatembea naye hadi mlangoni, na toroli la chakula cha mbwa likiwafuata kwa mkono mmoja wa yule bwana.

Sijui kilichotokea baada ya hapo, na huenda hakuna kilichotokea. Nilijiliwaza kwamba mtu anayenunua chakula cha mbwa cha mwezi mzima ana mipango ya mwezi mzima. Miaka mitatu nimeishika hoja hiyo na bado hainipi usingizi.

Mtasema huyu ni mtu mmoja na hofu zake. Basi sikilizeni la New Hampshire. Mwaka 2009, katika muda usiozidi wiki moja, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja la jimbo lile, na kila mmoja akajiua saa chache baada ya kununua. Mwenye duka hakuvunja sheria yoyote. Fomu zilijazwa na majibu yakatoka. Lakini badala ya kusema sheria inatosha, yeye na wauza silaha wenzake walikaa na watu wa afya ya jamii, wakaandaa miongozo kwa wauzaji: dalili za kuangalia kwa mteja, maswali ya kumuuliza, na namna ya kusema hapana bila kumvunjia mtu heshima. Kati ya dalili walizoandika ni mteja asiyejua wala kujali bunduki anayoinunua, asiyetaka kujua namna ya kuitunza, na anayetaka kitu cha haraka na risasi chache. Nilipokuja kusoma miongozo ile, nilikaa kwenye gari langu maegeshoni mpaka saa ya kuingia kazini ikapita.

Hili si jambo dogo pembeni ya jambo kubwa. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Maamuzi yenu yamekuwa yakifuata mauaji ya halaiki, kwa sababu hayo ndiyo yanayoleta kamera mbele ya milango yenu, na hivyo mmeshughulikia bunduki ya Parkland na risasi za El Paso. Bunduki ya marisau ya bei ya chini, ambayo kila mtu huiita bunduki ya mkulima na ya mwindaji, haijawahi kujadiliwa. Nami sisemi muiondoe. Jirani yangu huwinda kulungu na kupambana na nguruwe mwitu wanaofukua shamba lake, na katika miji midogo ya huku duka lenu ndilo duka pekee lililo wazi kwa mwendo wa saa nzima. Kuliondolea bunduki duka kama hilo kwa sababu ya yule bwana mwenye chakula cha mbwa ni kuwaadhibu mia kwa ajili ya mmoja. Ninachosema ni kwamba mfumo wa FBI unasoma rekodi. Hauwezi kusoma kilio.

Sheria nayo haiwafungi mikono. Fomu ya 4473 inamtaka muuzaji asitishe mauzo akiwa na sababu ya kuamini kwamba mnunuzi hafai kisheria, na hakuna kifungu cha sheria ya nchi kinachomlazimisha mwenye leseni kumuuzia bunduki kila anayepita ukaguzi. Kwamba kampuni inaweza kwenda mbali kuliko sheria, ninyi wenyewe mmekwisha kuonyesha. Kwa sheria, FBI wasipotoa jibu katika siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kukabidhi bunduki bila jibu, na ndivyo alivyoipata bastola yake yule aliyewaua waumini 9 katika kanisa la Charleston Juni 17, 2015. FBI walikiri kwamba hakustahili kuuziwa. Walmart kwa miaka mingi wamekuwa na utaratibu wa kutotoa bunduki mpaka neno "endelea" lifike, hata kama siku tatu zimepita. Hakuna Bunge lililowaamuru. Waliona pengo, wakaliziba kwa kanuni ya kampuni.

Pengo ninalowaonyesha mimi linazibika vilevile kwa kanuni ya kampuni. Iandikwe kwamba mfanyakazi yeyote wa kaunta anaweza kusema "leo hapana" kwa mauzo ya bunduki au risasi, kwamba msimamizi wa zamu hawezi kuubatilisha uamuzi huo siku hiyo, na kwamba mfanyakazi hatapunguziwa saa, hataandikwa barua ya onyo wala kuhojiwa mbele ya mteja kwa sababu yake. Mteja aambiwe anakaribishwa kesho. Apewe kadi yenye namba 988, simu ya msaada kwa walio katika dhiki ambayo imekuwa ikifanya kazi nchi nzima tangu Julai 2022, na kadi hizo ziwekwe juu ya kaunta kwa kila mtu, ili anayepewa asijione amenyooshewa kidole. Basi, ni hayo tu. Sikuomba mashine, sikuomba kamera mpya wala kozi ya siku tatu hotelini.

Nimelifikiria tatizo la kanuni hii, na bila shaka mwanasheria wenu atalifikiria haraka kuliko mimi. Mfanyakazi akipewa uwezo wa kukataa, atawakataa watu gani? Mimi ni mtu mweusi mwenye lafudhi ya Tanga, na nimewahi kufuatwa na mlinzi kutoka rafu hadi rafu katika maduka ambayo sikuwa na nia ya kuiba hata pipi. Najua "simuoni vizuri mtu huyu" imetumika kuwanyima watu nyumba, mikopo na kazi. Kwa hiyo kila kukataa kuandikwe siku hiyohiyo: saa, alichosema mteja, alichofanya, na si rangi yake wala jina lake; na daftari hilo lisomwe na mtu asiye wa duka lile, ambaye akiona mfanyakazi mmoja anawakataa Wamexico tu au weusi tu, amwondoe kwenye kaunta. Zaidi ya hapo, "leo hapana" iishie leo. Mteja aliyedhulumiwa atakuwa amepoteza usiku mmoja. Nimepima dhuluma hiyo dhidi ya ile nyingine na ninajua ninayochagua, ingawa sipendi kuchagua.

Tatizo la pili ni la wale wanaosema ataendesha gari hadi duka linalofuata. Ni kweli, na msidhani silioni: pamoja na yote mliyoyaondoa madukani, mwaka 2020 mfumo wa FBI ulifanya ukaguzi takriban milioni 39.7, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Silaha katika nchi hii hazitapungua kwa sababu ya kaunta yangu. Lakini wanaoshughulika na watu waliojaribu kujiua wanatueleza kwamba saa ya hatari mara nyingi ni fupi, na kwamba wengi wa walionusurika hawafi baadaye kwa mkono wao wenyewe. Anayewinda atarudi kesho na atanitukana, nami nitamstahimili. Kwa yule mwingine, mwendo wa gari, foleni ya pili, fomu ya pili na uso wa mtu wa pili vinaweza kuwa ndio muda wenyewe uliokuwa ukitafutwa.

Ndiyo maana habari za mashine zilinishtua. Ilipofika mwaka 2024, katika baadhi ya maduka ya vyakula ya Alabama, Oklahoma na hapa Texas zilikuwa zimewekwa mashine za kuuzia risasi, kama zile za soda, ambazo husoma kitambulisho na kulinganisha na sura ya mnunuzi ili kuhakikisha kwamba amefikisha umri. Wenye mashine wanasema ni salama kuliko rafu, kwa kuwa haidanganyiki kuhusu umri na haiibiwi, na kwa hayo mawili sina ubishi nao. Lakini yule bwana wa Novemba angefika mbele ya mashine ile, ingemsoma uso, ingekuta ni wake na kwamba amezaliwa zaidi ya miaka 21 iliyopita, na ingefungua mlango. Kama mpango wenu ni kufika huko, kwa sababu mashine haiombi likizo wala haimnong'onezi msimamizi, basi tuambieni mapema. Mtakuwa mmerudi kwenye kuponi ya Chicago, isipokuwa sasa kuponi ina kioo.

Nimalizie na kijana mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Amekulia Nyarugusu, kwa hiyo bunduki anaijua kwa upande ambao wengi wetu hatuijui. Alipokuwa mdogo, waliokuja kijijini kwao usiku hawakuwa wamejaza fomu. Mwezi uliopita amepangiwa kaunta ya michezo, mahali pangu pa zamani, kwa nyongeza ya dola moja kwa saa. Siku ya kwanza, kabla ya zamu, alinikuta kwenye friji ya maziwa akaniuliza kwa Kiswahili chao: "Mzee, na kama niko naogopa mutu, nifanye namna gani?" Nikamwambia aseme mashine imegoma, mteja arudi kesho. Ni uongo, na nimemfundisha mtoto wa watu kuusema kazini, kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kukataa bila kuulizwa "amefanya nini".

Mkiwa na jibu lililo bora kuliko langu, lipelekeni kwenye ubao wa matangazo wa chumba cha mapumziko, kando ya ratiba ya zamu, mahali ambapo kila mmoja wetu husimama angalau mara mbili kwa siku. Kijana anaingia kaunta Ijumaa na Jumamosi, saa kumi jioni hadi saa tano usiku, na msimu wa kulungu unafunguliwa Novemba.

Wenu mtiifu,

Mfanyakazi wa sehemu ya vyakula,
zamani kaunta ya vifaa vya michezo,
Texas